Kiganja kisichoweza kuporwa: historia ya Baguazhang, kutoka vijiji vya Hebei hadi Taipei

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia waliijua kung-fu kupitia filamu kabla ya kumwona mwalimu yeyote. Katika filamu hizo kuna jambo linalorudiwa sana: mzee mwembamba ananyoosha kiganja polepole, anamgusa mtu kifuani, na mtu huyo anarushwa hadi ukutani. Watazamaji hushangilia, kisha huulizana kama jambo hilo ni la kweli, na kama ni la kweli, siri yake inapatikana wapi.

Siri hiyo haiuzwi popote, kwa sababu si siri. Kiganja hicho kina historia inayojulikana, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu maskini: wakulima waliokwenda mjini kutafuta kazi, mafundi wadogo, walinzi wa misafara, na baadaye watu waliopoteza nyumba na biashara kwa sababu ya vita. Ndani yake kuna jambo la kutia moyo, kwamba ujuzi uliokaa mwilini hauporwi na askari. Kuna pia onyo, kwa sababu katika nchi hiyohiyo na miaka hiyohiyo, vijana wengi walikufa kwa kuamini kwamba mwili unaweza kuzuia risasi. Mambo hayo mawili yanafaa kusikilizwa pamoja.

Jina na maana yake

Mtindo wenyewe unaitwa Baguazhang. Neno "zhang" kwa Kichina ni kiganja. "Bagua" ni alama nane za kale za Wachina, zinazochorwa kwa mistari mizima na mistari iliyokatika, ambazo zimeelezwa katika kitabu cha Yijing. Kwa hiyo jina lote ni "kiganja cha alama nane".

Mitindo mingi ya mapigano ya China inajiita "quan", yaani ngumi. Taijiquan na Xingyiquan ni mifano. Baguazhang inajitaja kwa kiganja, na kuna sababu ya kimwili. Mifupa inayounganisha vidole na mkono ni myembamba. Mtu anayepiga ngumi kwenye kichwa cha mwenzake mara nyingi huvunja mkono wake mwenyewe, hasa mfupa wa upande wa kidole kidogo. Sehemu nene ya kiganja, iliyo karibu na kifundo cha mkono, haina hatari kubwa hivyo. Tena kiganja kilichofunguka kinaweza kusukuma, kuvuta, kushika, kuchoma kwa ncha za vidole au kugeuza mkono wa adui bila kubadilisha umbo lake. Ngumi imeshajifunga; kazi yake ni moja.

Baguazhang, Taijiquan na Xingyiquan huwekwa katika ukoo mmoja unaoitwa "neijia", yaani ukoo wa ndani. Jina hilo ni la zamani. Mwaka 1669 mwanachuoni Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la bingwa mmoja aliyeitwa Wang Zhengnan, na humo alitofautisha mtindo wa ndani na mtindo wa nje wa Shaolin. Lakini mitindo hii mitatu ilikuja kuhesabiwa kama ndugu baadaye sana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1894 walimu kadhaa mjini Beijing, akiwemo Cheng Tinghua wa Baguazhang na Li Cunyi wa Xingyiquan, walikubaliana kuacha ushindani na kuwaruhusu wanafunzi wao kujifunza kutoka pande zote.

"Ndani" hapa si uchawi. Maana yake ni kwamba nguvu haitoki kwenye msuli wa mkono peke yake. Inaanzia kwenye unyayo unaosukuma ardhi, inapita gotini na kwenye nyonga, kiuno kinaigeuza, mgongo unaipeleka begani, na mkono unaifikisha tu. Mahali popote mwili ulipokaza bila sababu, nguvu hiyo hukwama. Ndiyo maana mafunzo huchukua muda mrefu: mwanafunzi hajifunzi kuongeza nguvu, anajifunza kuacha kuizuia.

Mtumishi kutoka Wen'an

Mtu wa kwanza anayejulikana kufundisha Baguazhang hadharani ni Dong Haichuan. Alizaliwa katika wilaya ya Wen'an, mkoa unaoitwa leo Hebei, kusini mwa Beijing. Mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kwa namna mbili, 1797 na 1813. Alifariki mjini Beijing mwaka 1882, na mwaka uliofuata wanafunzi wake walimsimamishia jiwe la kaburi lenye maandishi. Jiwe hilo linaeleza kwamba alipenda mapigano tangu ujana, kwamba alisafiri sehemu nyingi, na kwamba alikutana na mtawa wa dini ya Tao aliyemfundisha. Baadaye aliingia kazini kama towashi katika nyumba ya mwanamfalme wa cheo cha Su mjini Beijing.

Kuna hadithi nyingi juu yake. Moja inasema kwamba alipeleka chai kwenye karamu iliyojaa watu, akapita katikati ya msongamano bila kumgusa mtu na bila kumwaga hata tone, na ndipo bwana wake alipogundua kwamba mtumishi huyo si mtu wa kawaida. Hadithi hiyo ni tamu, lakini ni hadithi.

Utafiti wa mwanahistoria Kang Gewu, uliofanywa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulifikia maelezo yasiyo na miujiza. Hakupata ushahidi kwamba Baguazhang ilikuwepo kabla ya Dong. Alichokiona ni kwamba watawa wa Tao wa madhehebu ya Longmen walikuwa na desturi ya kutembea kwa mviringo huku wakisali, ili kutuliza moyo. Dong aliuchukua mwendo huo wa sala, akauunganisha na mapigano aliyoyajua tangu ujana. Kwa maneno mengine, kiganja hicho maarufu kilizaliwa kwa mtu mmoja kuunganisha vitu viwili alivyovikuta safarini.

Tukumbuke China ya wakati huo ilikuwaje. Vita vya Taiping, kuanzia mwaka 1850 hadi 1864, viliua mamilioni ya watu. Kati ya mwaka 1876 na 1879 ukame ulileta njaa kubwa kaskazini mwa nchi, na makadirio ya waliokufa ni kati ya milioni 9 na 13. Vijana wa vijijini walimiminika Beijing na Tianjin. Aliyejua kupigana aliweza kupata kazi ya kulinda nyumba za matajiri, au kusindikiza misafara ya fedha na bidhaa kwenye barabara zenye majambazi. Kwa watu hao mapigano yalikuwa chakula cha watoto.

Mwalimu mmoja, viganja viwili

Wanafunzi wa Dong wanaotajwa zaidi ni wawili. Wote walitoka vijiji vya Hebei.

Yin Fu alikuwa mtu mwembamba, na kwa sababu hiyo watu walimwita "Yin Mwembamba". Kabla ya kukutana na Dong alikuwa tayari amejifunza mtindo mwingine wa kupiga kwa mikono. Aliishi hadi mwaka 1909.

Cheng Tinghua alizaliwa mwaka 1848. Alipelekwa Beijing kama kijana wa kujifunza kazi, akawa fundi wa miwani. Mji mzima ulimjua kwa jina la "Cheng Miwani". Yeye alipenda mieleka, mchezo wa kushikana na kuangushana.

Dong hakuwafundisha wawili hawa kitu kilekile kwa sura ileile. Yin Fu, aliyezoea kupiga, alikuza kiganja kilichonyooka, vidole vimeshikana, kinachochoma kama mkuki. Wachina wanakiita ulimi wa ng'ombe. Cheng, aliyezoea kushika na kuangusha, alikuza kiganja kilichopanuka, vidole vimeachana, kinachofunika na kuzungusha. Kinaitwa kucha za joka. Hadi leo matawi mawili makuu ya Baguazhang yanatambulika kwa umbo la kiganja tu.

Hapo pana somo kwa kila anayefundisha. Mwalimu alitazama kwanza mwanafunzi amekuja na nini, ndipo akajenga juu yake. Hakumwambia yeyote asahau alichojifunza nyumbani kwao.

Namna kiganja kinavyofunzwa

Mwanafunzi mpya haanzi kwa kupiga. Anaanza kwa kutembea.

Anachora mviringo ardhini, au anachagua mti na kuuzunguka. Mviringo wa kawaida ni wa hatua nane hivi, kwa hiyo uwanja mdogo tu unatosha. Anakunja magoti kidogo, mgongo umenyooka, mabega yameshuka. Anageuza kiuno ili atazame katikati ya mviringo. Mkono wa upande wa katikati unanyooshwa mbele, kiganja kikielekea katikati, vidole kwenye usawa wa macho, kiwiko kimeelekea chini. Mkono wa pili unakaa chini ya kiwiko hicho, kama unakilinda.

Kisha anatembea. Unyayo hautangulizi kisigino. Unasogea karibu na ardhi na kutua wote kwa pamoja. Wachina wanauita mwendo wa kupita matopeni. Aliyewahi kubeba mzigo kwenye njia yenye utelezi wakati wa mvua anauelewa bila maelezo: uzito haupelekwi mbele mpaka mguu uhakikishe pa kukaa. Kichwa hakipandi wala hakishuki. Walimu wengi wa zamani walimwacha mwanafunzi atembee hivyo kwa miezi mingi kabla ya kumwonyesha jambo la pili.

Jambo la pili ni badiliko la kiganja kimoja, na ndilo mlango wa mtindo mzima. Mwanafunzi anapotembea, mguu wa nje unakanyaga huku vidole vyake vimegeuzwa ndani, vikiutazama mguu wa pili, kama mlango unaofungwa. Kiuno kinazunguka. Mguu wa pili unafunguka kwa nje, kama mlango unaofunguliwa. Wakati huohuo mkono uliokuwa nyuma unapita chini ya mkono wa mbele, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, kisha kiganja kinapinduka na kuwa ndicho cha mbele. Sasa anatembea upande wa pili. Kwa macho ya mpita njia, mtu amegeuka tu. Kwa anayejua, mambo matatu yametokea kwa pamoja: ameondoka kwenye njia ya pigo, ameukinga mkono wa adui, na ameingiza kiganja ubavuni.

Jambo la tatu ni pigo lenyewe. Kiganja hakikazwi. Katikati yake panaachwa shimo dogo, kama mtu aliyeshika tunda. Mkono unasafiri ukiwa mwepesi, na mwisho kabisa kifundo kinakaa, kiwiko kinashuka, bega linashuka, na mguu wa nyuma unasukuma ardhi. Mambo hayo yanatakiwa kufika kwa wakati mmoja. Yakichelewana, pigo ni la mkono tu. Yakifika pamoja, aliyepigwa anahisi amegongwa na uzito wa mtu mzima, na hapo ndipo ile picha ya filamu ilipochukuliwa na kutiwa chumvi. Kupasua matofali na kupiga mawe si kiini cha mafunzo haya. Mazoezi hufanywa zaidi na mwenzako, polepole, kila mmoja akimsaidia mwingine kuona mahali alipokaza.

Baada ya badiliko la kwanza kuna la pili, hadi manane. Lakini walimu wengi husema kwamba aliyelielewa la kwanza ameyaona yote.

Kupokelewa kama mwanafunzi nako kulikuwa na taratibu zake. Mgeni alitazamwa kwanza tabia yake. Akikubaliwa, alipiga magoti mbele ya mwalimu na kuingia katika ukoo. Tangu hapo alimheshimu mwalimu kama baba, na waliomtangulia darasani aliwaita kaka wakubwa hata kama walikuwa wadogo kwake kwa umri. Kwa kijana aliyeacha wazazi kijijini, hiyo ilikuwa familia ya pili mjini.

Mwaka 1900: mipaka ya kiganja

Mwishoni mwa miaka ya 1890, mafuriko na kisha ukame viliharibu mashamba ya kaskazini mwa China. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya na Japani yalikuwa yakijigawia bandari, reli na maeneo. Katika mikoa ya Shandong na Zhili vijana wa vijijini wasio na kazi walijiunga na kundi lililoitwa Yihetuan, ambalo Wazungu waliliita Mabondia. Waliamini kwamba kwa dua na matambiko miungu ingeingia miilini mwao, na hapo upanga na risasi visingewadhuru. Mafunzo hayo hayakuhitaji miaka. Kijana aliweza kuingizwa kundini kwa siku chache, na hiyo ilikuwa sababu moja ya kundi kukua haraka.

Kundi hilo liliwaua wamisionari na maelfu ya Wakristo Wachina. Kuanzia tarehe 20 Juni hadi 14 Agosti 1900, siku 55, mtaa wa balozi za kigeni mjini Beijing ulizingirwa. Majeshi ya mataifa manane, yaani Japani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Marekani, Ujerumani, Italia na Austria-Hungaria, yaliingia mjini. Mabondia walikufa kwa risasi walizoambiwa hazitawapata. Kisha majeshi hayo yaliiba mali za mji na kuwaua raia wengi ambao hawakuhusika na lolote.

Cheng Tinghua alikufa katika siku hizo, akiwa na miaka 52 hivi. Masimulizi yanatofautiana juu ya namna ilivyotokea, lakini yanakubaliana kwamba aliuawa kwa risasi za askari wa Kijerumani mjini Beijing. Alikuwa mmoja wa watu stadi kuliko wote wa kizazi chake katika kupigana kwa mikono. Ustadi huo haukumkinga na bunduki.

Wanaozungumza Kiswahili wanaijua habari hii kwa jina jingine. Miaka 5 baadaye, mwaka 1905, watu wa kusini mwa Tanganyika waliinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani haohao katika vita vya Maji Maji. Waliambiwa kwamba dawa ya maji ingeyeyusha risasi. Kinjikitile Ngwale, aliyeieneza dawa hiyo, alinyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1907, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Watu wa China na watu wa Tanganyika hawakuwasiliana. Walikuwa na shida inayofanana, na waliokata tamaa walipewa ahadi inayofanana. Mashariki mwa Kongo, ambako hadi leo kuna vijana wanaoahidiwa kinga ya namna hiyo kabla ya kupelekwa msituni, ahadi hiyo si jambo la vitabuni.

Tofauti kati ya Yihetuan na fundi miwani inafaa kuangaliwa vizuri. Wote walikufa kwa bunduki. Lakini imani ya kinga ilizikwa pamoja na walioiamini. Ujuzi wa Cheng haukuzikwa, kwa sababu alikuwa ameshaugawa kwa wanafunzi wengi, polepole, kwa miaka mingi.

Mwanafunzi aliyeandika

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Sun Lutang, aliyezaliwa Hebei mwaka 1860. Alikulia katika umaskini, akampoteza baba yake mapema, na akafanya kazi katika duka la brashi za kuandikia. Alijifunza Xingyiquan kwanza, kisha alikuja Beijing kujifunza Baguazhang kwa Cheng. Akiwa na miaka 50 na kitu aliongeza Taijiquan.

Sun alifanya jambo ambalo walimu wengi wa kabla yake hawakulifanya: aliandika vitabu na kuvichapisha. Cha Xingyiquan kilitoka mwaka 1915, cha Baguazhang mwaka 1916, na baadaye cha Taijiquan. Ndani ya kitabu cha Baguazhang kuna picha zake mwenyewe akionyesha mviringo, hatua na viganja. Kwa watu waliozoea kuficha ujuzi ndani ya ukoo, hilo lilikuwa badiliko kubwa. Mwaka 1928 serikali ilipofungua Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani sanaa ya taifa, mjini Nanjing, Sun alikuwa kati ya walimu walioalikwa. Alifariki mwaka 1933. Binti yake, Sun Jianyun, aliyezaliwa mwaka 1914, aliendelea kufundisha mitindo yote mitatu mjini Beijing hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2003. Ujuzi ulioanzia kwa wanaume walinzi wa misafara ulipita mikononi mwa mwanamke, na haukupungua.

Vita na kuhama

Julai 1937 Japani ilianza vita vikubwa dhidi ya China. Nanjing ilianguka Desemba mwaka huo, na raia wengi waliuawa. Taasisi ya Guoshu ilihama pamoja na serikali na kuishia Chongqing, mbali ndani ya nchi. Mamilioni ya watu walihama kwa miguu, kwa mashua na kwa garimoshi. Vita na Japani vilipoisha mwaka 1945, Wachina walipigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1949 Wakomunisti walishinda, na watu kati ya milioni 1 na 2 walivuka bahari kwenda kisiwa cha Taiwan pamoja na serikali iliyoshindwa. Wengi walidhani wangerudi baada ya miaka michache. Wengi hawakurudi kamwe.

Kati ya waliojikuta Taiwan alikuwepo Zhang Junfeng, mzaliwa wa Shandong wa mwaka 1902. Alikuwa mfanyabiashara, na katika mji wa Tianjin alijifunza Baguazhang kwa mzee Gao Yisheng, ambaye naye alikuwa amepokea ujuzi huo kupitia mwanafunzi wa Cheng Tinghua. Mabadiliko ya mwaka 1949 yalimkatia Zhang biashara yake ya bara. Kilichobaki ni kile alichokijua mwilini. Alianza kufundisha mjini Taipei, na mkewe, Xu Baomei, alifundisha pia. Kati ya wanafunzi wake walikuwemo ndugu watatu wa ukoo wa Hong, wenyeji wa kisiwa hicho, na kupitia kwao tawi hilo lilifika Japani, Marekani na Ulaya.

Mwingine ni Wang Shujin, wa Tianjin, aliyezaliwa mwaka 1904. Naye alihamia Taiwan, na kuanzia mwaka 1959 alikwenda Japani kufundisha. Ikumbukwe kwamba miaka 20 hivi kabla ya hapo jeshi la Japani lilikuwa limeukalia mji wa kwao. Mkimbizi wa China alifundisha kiganja chake kwa watoto wa nchi iliyokuwa adui, na wanafunzi wake wa Kijapani wanalitaja jina lake kwa heshima hadi leo.

Watu hawa hawakuifanya safari yao iwe nyepesi kwa kujua Baguazhang. Waliwaacha wazazi, makaburi na mashamba kama wengine. Lakini walipofika ugenini walikuwa na kitu cha kuwapa wenyeji, na aliye na kitu cha kutoa hatazamwi tu kama mdomo wa kulishwa.

Kilichobaki

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kaburi la Dong Haichuan lilihamishwa kutoka mahali pake pa zamani nje ya ukuta wa Beijing hadi makaburi ya Wan'an, magharibi mwa mji. Waliofanya kazi hiyo ni wajukuu na vitukuu wa ukoo wake wa ufundishaji. Katika bustani za Beijing asubuhi bado wanaonekana wazee wakizunguka mti mmoja mmoja, mkono mbele, magoti yamekunjwa, mpaka nyasi chini ya miguu yao zinaisha na udongo unabaki wazi kwa umbo la mviringo.

Kijana anayetaka kujifunza kiganja hiki hahitaji dawa, hirizi wala fedha nyingi. Anahitaji mwalimu mwenye tabia njema, uwanja wa hatua chache, mwenzake wa kufanya naye mazoezi, na miaka. Atapata mwili imara, usingizi mzuri, na utulivu wa kutogombana ovyo. Hatapata kinga ya risasi. Anayemwahidi hivyo, iwe kwa maji, kwa tambiko au kwa kung-fu, anamtaka kwa kazi nyingine.

Na mzazi aliyeacha kila kitu njiani ana pa kuanzia vilevile. Useremala, ushonaji, kusuka vikapu, ngoma, kuhesabu, lugha ya nyumbani: vyote hivi vilivuka mpaka pamoja na mikono na ulimi wa mwenye navyo, na hakuna kizuizi cha barabarani kilichovitoza kodi. Dong Haichuan alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu. Alichokijua kimedumu kwa zaidi ya miaka 140 baada ya kifo chake, kwa sababu alitenga muda wa kuwaonyesha wengine.